Wito wa Tatu Kisimani Pujini

Mama yangu wa kambo, Bi Mdogo, hakujaaliwa mtoto, ndiyo maana ombi lake alilileta kwangu. Alitaka nimpeleke Pujini, kwenye magofu ya ngome. Nilimwambia magoti yake hayaiwezi njia ile. Akasema magoti ni yake.

Yeye na marehemu mama waliishi ua mmoja pale Jadida, wake wa mume mmoja, na kwa miaka mingi hawakusemezana. Mpaka mmoja aondoke bombani ndipo mwingine atoke na ndoo yake. Mama alipokuwa katika maradhi ya mwisho, Bi Mdogo alisimama mlangoni akamwita, ili watakane radhi kabla ya safari ile isiyo na marejeo. Mama aligeukia ukutani, na akafa hajamwitika. Mimi nilikuwa upande wa mama, na baada ya mazishi sikuhama.

Tulipanda gari hadi Pujini, tukaanza kutembea baada ya swala ya alasiri. Tulipita mashamba ya muhogo, kisha njia ikafuata ukingo wa mfereji wa kale. Husimuliwa kwamba mtawala wa ngome aliuchimbisha ili vyombo viingie kutoka baharini hadi chini ya ukuta wake, na kwamba mawe ya ukuta huo watu waliyabeba vichwani huku wakijiburuza kwa makalio. Siku hizi mfereji ni tope na mikoko tu. Maji yalikuwa yamekupwa, lakini humo ndani nilisikia kata ikichota, taratibu, kama mtu anayejaza ndoo. Niliposimama, ikanyamaza. Bi Mdogo hakugeuka. Nikajiambia ni kaa wa matopeni, nikatembea karibu naye kuliko nilivyopenda.

Tulipofika ukutani alinikumbusha jambo ambalo sote tumelelewa nalo. Mahali kama pale ukiitwa, usiitike mpaka wito wa tatu, maana wasioonekana hawafiki tatu.

"Na mie ntaita mara tatu," akasema.

Ndani kuna kisima kilichogawanywa kwa ukuta. Wanasema mtawala alikuwa na wake wawili wasiopatana. Mmoja alishuka kwa ngazi, mwingine alivuta maji kwa kamba upande wa pili, wasije wakaonana. Hapo nikaelewa kwa nini tumekuja huku, na nikakasirika. Shehe wetu angejua angetukaripia sote wawili. Bi Mdogo aliniweka upande wa kamba, mahali pa mama, yeye akaenda upande wa ngazi na kichupa chake cha marashi. Mtoto aweza kutoa radhi kwa niaba ya mzazi wake. Alitaka niitike mimi.

"Mwenzangu," akaita.

Sauti ilinijia kutoka chini ya miguu yangu, si kutoka upande aliokuwa. Ndege wote walikuwa kimya. Nilimkumbuka mama akila peke yake sikukuu, baba akiwa nyumba ya pili, na kinywa changu kikakataa kufunguka. Akaita tena, na safari hii pumzi ilikuwa ndogo. Nikafikiri, na akae na uchungu wake kama mama alivyokaa na wake.

"Mwenzangu, n'samehe."

Nikaitika. Niliitika kama mama alivyokuwa akiitika, "Abee," na sauti iliyonitoka ilikuwa nyembamba, sikuitambua kuwa ni yangu.

Nilipozunguka nilimkuta ameketi kwenye ngazi, kichupa kitupu, uso umelowa. Nilimpa mkono ainuke, nikamwambia kwamba kwa niaba ya mama nimemsamehe. Alinitazama kama anayemtazama mgeni aliyefika sahani zikiwa zimeshaoshwa.

"Radhi keshanipa," akasema. "Kaitika wito wa mwanzo, kaitika wa pili."

Nikamwambia kwamba mtu aliyeitika nilikuwa mimi, tena wito wa tatu tu.

"Najua, mwanangu. Wa tatu muliitika wawili."

Niliogopa, na ndani ya hofu hiyo nilikuwa nataka kulia. Nilimshika mkono, nikaushika hata pale njia ilipokuwa tambarare, tukarudi kwa njia ile ile ya mfereji. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi na tope lilikuwa jeusi. Kule kwenye mikoko uchotaji ulianza tena. Safari hii sikusimama. Nilisikiliza nikiwa natembea, na zilikuwa kata mbili, zikichota kwa pamoja.