Vipimo vya Kina Mama Waliohamia Rashi

Siku yangu ya kwanza kazini Shinyanga, mtakwimu mpya na diploma yangu ndani ya bahasha, Mkuu wa Kitengo alinikabidhi daftari la uzito wa watoto wa kliniki ya Ushirombo. Kila mtoto alikuwa amepimwa mara sita. Mimi nikahesabu kila kipimo kuwa mtoto tofauti. Mzee alicheka hadi akavua miwani. "Binti, leo umetuzalia watoto wangapi?" Niliona aibu, lakini somo likaingia: vipimo vya mtu mmoja hufanana, na modeli, yaani kanuni ya kuzisoma namba, lazima ijue ni vya mtu mmoja.

Miaka mingi baadaye somo hilo lilinitoa jasho, nilipohamishiwa mradi wa afya kwenye machimbo ya Rwamgasa. Kina mama wanaochoma dhahabu iliyonaswa kwa zebaki walikuwa wakivuta moshi wa zebaki hiyo. Nusu yao, kwa kura, walipewa vyungu vya chuma vyenye mfuniko wa kunasa moshi huo, nasi tukawapima wote mkojo kila mwezi. Mwezi wa nne ikasikika rashi: dhahabu mpya imetoka porini. Mnawajua wachimbaji wetu. Asubuhi kambi imejaa, jioni vibanda vitupu, na kina mama wetu wengi wamekwenda nao.

Ripoti ya kwanza ilitumia njia ya zamani, inayomtupa nje yeyote aliyekosa hata kipimo kimoja. Ikasema vyungu havisaidii. Mkuu wa Mradi akaagiza vikusanywe. Nilipita kwa Mama Kulwa, aliyekuwa akichoma dhahabu kwa chungu chake huku mapacha wake wachanga wamelala pembeni.

"Mkikichukua, narudi kwenye sahani ya bati," akaniambia. "Nifanyeje? Wanangu watakula nini?"

Nilirudi ofisini nimevurugwa, nikalifungua daftari upya. Kumbe waliohama ndio waliokuwa na zebaki nyingi kuliko wote, wachomaji wakubwa. Tulikuwa tumewatupa wale hasa ambao chungu kingewafaa.

"Tutumie modeli mseto," nikamwambia Mkuu. "Kila mama anapewa mstari wake: alipoanzia, na anavyopanda au kushuka. Aliyepimwa mara tatu, tunatumia hizo tatu."

"Unatafuta jibu unalolitaka wewe," akanijibu, na hakukosea kuwa na wasiwasi.

"Basi naandika sababu zangu za kuichagua modeli hii kabla sijagusa kompyuta. Jibu likitoka baya, vyungu navikusanya mwenyewe."

Tukasaini wote wawili.

Weee, nilivyobonyeza kile kitufe! Mistari ya wenye vyungu ikashuka, ya wengine ikabaki juu. Nikapiga kigelegele ofisini, mtu mzima mimi. Vyungu vikabaki, na waliokosa wakapewa.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza modeli ipi ni bora. Nawajibu: niambieni kwanza nani hayumo daftarini, na kwa nini. Wanadhani najivunia lile jibu. Nililifurahia, sikatai, hadi leo linanisisimua. Ila ninachojivunia ni karatasi ile: niliisaini huku namfikiria Mama Kulwa, na jibu lingetoka baya, ningepanda pikipiki nikakichukue chungu chake mikononi mwake.