Upande wa Kulia wa Baba

Mimi si mtu wa kujificha. Nyumba yangu ya Mkolani inaonekana kutoka barabara kuu, bati la kijani, madirisha ya vioo vyeusi, na niliijenga bila kumwomba ndugu yeyote hata mfuko mmoja wa saruji. Nina stashahada ya uhandisi wa migodi. Niliisomea huku nikibeba mabomba mgodini, kisha nikachoronga miamba ya Zambia kwa miaka kumi na minne, mpaka mabosi wakawa wananiulizia kabla ya kuanza shimo jipya. Cheti nimekiweka kwenye fremu sebuleni, mkabala na kochi kubwa, ili mgeni akikaa asipate pengine pa kutazama.

Nilipomaliza kujenga nilichinja ng'ombe dume nikaita mtaa mzima. Walikuja wote. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote, alicheza mpaka kofia ikamdondoka. Mama yangu alikaa kiti cha mbele, kitenge kipya, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya kigoda. Watu walipoanza kutawanyika nikamwinamia.

"Mayu, umeona watu?"

"Nimewaona. Wamekula."

"Na wamefurahi."

"Wamefurahi sana. Lakini nyama humwita yeyote, mwanangu. Watu wako utawajua kwenye kilio."

Nilicheka. Nilidhani ni uchovu.

Mtaani kwetu mtu akifa, kila nyumba hutoa mwanamume wa kuchimba na mwanamke wa kuni au maji. Kaburi halichimbwi kwa pesa. Baba yangu alipofariki nilikuwa Zambia, na nilishindwa kuja. Majirani ndio waliozunguka mlima nyuma ya nyumba yetu, mlima wa mawe kama ilivyo Mwanza nzima, wakatafuta mahali penye udongo, wakamchimbia. Mimi nilitoa shukrani kwa simu.

Baada ya kurudi, misiba mitatu ilipita jirani yangu. Sikuchimba hata kaburi moja. Kila mara nilituma vibarua wawili wenye nguvu, nikawapa sululu mpya na kuwapeleka kwa pikapu yangu. Kwa hesabu zangu nilikuwa nimetoa zaidi ya wote, maana wenzangu walitoa mtu mmoja mmoja. Msiba wa tatu ulikuwa wa mume wa mama mmoja wa nyumba ya chini yangu, mama anayeponda kokoto kwa nyundo tangu ujana wake. Siku ile nilikuwa na kikao cha kazi Pasiansi. Nilifika jioni, na suti yangu, nikiwa na mchele na sukari. Mjane alinipokea kwa mikono miwili.

"Wabeja, asante, baba. Vijana wako wana nguvu."

Nikaitikia kwa furaha, nikijua nimesifiwa.

Mwaka uliofuata mama alianza kuumwa kifua. Majuma matatu tu. Alikuwa na akili timamu hadi mwisho, na ulimi ule ule.

"Mnizike kulia kwa baba yako," aliniambia. "Kushoto nimelala miaka yote ya ndoa. Alikuwa ananikoromea sikio moja. Sasa nataka kubadilisha."

Nilimwahidi. Alinishika kidole gumba, kama mtu anayekamata hati, akaniambia nirudie. Nikarudia: kulia kwa baba. Siku mbili baadaye, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto, akafariki.

Tulipanga kumzika siku iliyofuata saa tisa mchana. Padre alikubali. Ndugu wa Geita walikuwa njiani, wanavuka daraja pale Busisi. Saa kumi na mbili asubuhi nikatoka kwenda nyuma ya nyumba, nikawakuta wanaume wa mtaa wamekaa juu ya mawe, mikono magotini. Sikuona jembe hata moja.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia balozi.

"Marahaba, mhandisi. Pole sana. Mama alikuwa wetu."

"Asante. Mbona hatujaanza?"

"Tulidhani vijana wa pikapu wako njiani."

Mtu mmoja nyuma yake akakohoa kicheko ndani ya kiganja.

"Mzee, leo siyo siku ya utani."

"Mimi siyo mtani wako, mwanangu." Balozi aliongea taratibu, bila hasira. "Mama tumekuja kumlia na tutamlia. Lakini kaburi ni la mikono, na mikono yako hatujawahi kuiona kwenye kaburi la mtu. Baba yako tulimchimba sisi. Tulisema, kijana yuko mbali. Sasa uko hapa, shimo ni lako. Ukiwaleta vibarua, sisi tutanyanyuka, turudi makwetu."

Nakiri niliwaka. Nilitaka kumwambia ni mashimo mangapi nimeyasimamia, yenye kina kuliko mnara wa kanisa. Lakini nilimfikiria mama anashushwa mbele ya ndugu peke yake, mlima mzima ukiwa mtupu. Nikavua koti nikalitundika kwenye mti, nikachukua sululu, nikapima upande wa kulia wa baba, nikaanza.

Nilichimba peke yangu, watu zaidi ya thelathini wakinitazama. Nasema bila kujisifu zaidi ya ukweli: kona zilikuwa sawa kabisa. Nilipofika kina cha goti sululu ikalia. Nikasogea kichwani, ikalia. Miguuni, ikalia. Mwamba mmoja, umejitandaza chini ya kaburi lote.

Nikachukua mtaimbo. Nilipiga mpaka malengelenge ya viganja yakapasuka. Nikampigia simu mtu mwenye kompresa ya kuchoronga. Alikuja upesi, lakini lori lake lilifika chini ya mlima likakutana na majabali, likajaribu kushoto, likajaribu kulia, likageuka. Ilikuwa saa tatu imepita.

"Mhamishe kushoto," balozi akasema kutoka juu, na safari hii sauti ilikuwa ya huruma. "Kushoto kuna udongo. Kwa saa mbili utakuwa umemaliza."

Shangazi yangu akaunga mkono. "Marehemu hawezi kujua upande, mwanangu. Padre anakuja."

"Mimi najua," nikasema. "Hapa ndipo atakapolala. Hata kama itakuwa kesho."

Ukatokea mguno. Kumrudisha maiti ndani wakati padre amefika, na wageni wameshavuka ziwa, ni aibu ambayo hakuna aliyewahi kuiona mtaani kwetu. Nilipiga magoti shimoni nikaendelea kugonga, chembe kwa chembe.

Kisha kivuli kikanifunika. Alikuwa mjane wa kokoto, mzigo wa kuni kichwani.

"Toka humo," akasema. "Huyo humpigi, unampapasa."

"Mama, miamba ndiyo kazi yangu. Nina stashahada."

"Tunajua. Wote tuliokula ng'ombe wako tumeisoma ukutani. Inasemaje kuhusu huu?"

Wale wanaume walicheka, na mimi, sijui kwa nini, nikacheka pamoja nao. Nikatoka. Yeye akaingia shimoni, kanga imefungwa kiunoni, akatembeza kiganja juu ya mwamba kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto.

"Hapa," akasema, akionyesha kona ya miguuni. "Tunachoma hapa. Akishaiva, maji."

Nilisimama kama niliyepigwa kofi. Jiwe hupanuka kwa moto na kupasuka kwa baridi. Niliyaandika maneno hayo kwenye mtihani nikapata alama za juu kuliko darasa zima! Lakini kule mgodini tulikuwa na baruti, na hakuna aliyewahi kunionyesha mwamba unavyochomwa. Akina mama wa kokoto wa mji huu wamepasua vilima vizima namna hiyo.

Kuni zake hazikutosha. Akapaza sauti kwa wapishi waliokuwa wanachemsha maharage ya msiba.

"Leteni kuni zenu!"

"Na watu watakula nini?" wakauliza kutoka kule.

"Watakula baadaye. Hakuna aliyekufa kwa njaa hapa, aliyekufa ni mmoja na anasubiri."

Zililetwa. Alinifundisha kupanga moto ubaki chini, usirushe ndimi, joto lote lizame. Tukakaa pembeni kuusubiri, yeye na mimi, juu ya jiwe moja. Nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kuomba radhi.

"Mama, siku ya mzee wako nilikosa."

"Ulikosa," akasema, macho kwenye moto. "Siku ile nilikuwa dirishani naangalia nani anashika jembe. Nikakutafuta. Nilidhani labda umechelewa."

Nikasogeza kijinga kimoja ndani ya moto.

"Lakini mama yako alikuja," akaendelea. "Na miguu yake ile. Alikaa nami kwenye mkeka siku tatu, hakwenda nyumbani hata kuoga. Usiku nikilia ananisimulia mambo ya baba yako mpaka nacheka. Hizi kuni ni zake, baba. Wewe bado."

Jua lilikuwa limesimama utosini mjane aliposhuka shimoni, akasogeza makaa kwa fimbo, akatega sikio. Akaitisha maji. Kisima kilikuwa chini ya mlima, na mimi nilikuwa na viganja viwili visivyo na ngozi. Nilipoinua ndoo ya kwanza ikanidondoka.

Balozi akasimama. Akajipangusa suruali, akaokota ndoo.

"Maji siyo shimo," akawaambia wenzake, kana kwamba kuna aliyeuliza. "Maji naweza kubeba."

Mwingine akasimama. "Tindo nayo siyo jembe. Naweza kuishika tu."

"Na kuondoa majivu?" akauliza wa tatu. "Majivu ni ya jikoni, sivyo?"

Ndani ya dakika chache mlima ulikuwa na mstari wa wanaume wanapokezana ndoo. Mjane akamwaga maji taratibu, akifuata ukingo, si katikati. Mvuke ukapanda na kutufunika. Kwanza ukasikika mlio mdogo, kama mtu anayevunja muwa. Kisha mwamba ukalia kwa nguvu kutoka kona mpaka kona, mpasuko mweusi ukakimbia chini ya maji.

Mjane wa kokoto akapiga kigelegele.

Kilitoka chote, kirefu, kabla hajakumbuka alipo. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Ndoo zikasimama njiani. Mama yangu alikuwa amelala ndani, hatua hamsini, na mtu amepiga kigelegele juu ya kaburi lake. Kutoka ndani ya nyumba, shangazi yangu, aliyekuwa akilia tangu jana, akaitikia kwa kigelegele kingine. Wanawake wote wakafuata. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa mmoja wao, na sikumbuki siku nyingine ambayo kifua changu kilijaa namna ile, hata siku ya mahafali.

"Nipisheni!" balozi akafoka, akiruka shimoni na umri wake wote. "Leteni nyundo! Na wewe mhandisi, unashangaa nini? Tuambie tupige wapi!"

Hapo ndipo elimu yangu ilipopata kazi. Nilisoma mpasuko, nikawaonyesha mishipa ya jiwe, tukaupiga kwa zamu, wanne shimoni, wanne wakivuta vipande kwa kamba. Tulichoma mara ya pili upande wa kichwani. Padre alifika saa tisa, akaangalia moshi, akaomba chai. Alikunywa vikombe vitatu. Ndugu wa Geita walivua viatu vya safari wakaingia kwenye mstari wa ndoo.

Saa kumi na moja jioni, ziwa likiwa jeupe kule chini, tukamshusha mama yangu upande wa kulia wa baba. Nilirudisha udongo kwa mikono yangu mwenyewe, viganja vimefungwa kanga, na kila beleshi lililoshuka baada ya langu lilikuwa la jirani.

Tangu siku hiyo sijatuma kibarua kwenye msiba. Naamka mapema kuliko wote, na tukikuta mwamba wananiita hata mitaa ya mbali, kwa sababu katika wilaya hii hakuna mwingine anayejua jiwe kwa kitabu na kwa moto. Hilo siwezi kulificha. Lakini nikifika huwa natanguliza salamu kwa mama wa kokoto, na yeye ndiye anayegusa mwamba kwanza.

Mwaka huu binti yake ameolewa. Siku chache kabla, mama huyo alikuja mlangoni kwangu, hakukaa kwenye kochi.

"Kaka zangu wako mbali, na mmoja ni mlevi," akasema. "Nataka mtu wa kumshika binti mkono kwenda mbele."

"Wapo wazee wengi, mama."

"Wapo. Nimekuja kwako."

Nikavaa suti. Ukumbini mshereheshaji alipouliza mjomba wa bibi harusi ni nani, mjane akasimama mbele ya watu wote akanielekezea kidole, na balozi akapiga meza kwa ngumi mbili. Nilimshika binti mkono. Nilitembea taratibu, kifua mbele, ili kila mtu apate muda wa kutosha kuniona. Muziki ulipopigwa nilicheza mpaka soli ya kiatu ikaachia, nikavua vyote viwili, nikaendelea.