Nani Anakwenda?

Mwalimu wa dini tulimpa jina la Bwana Amina, kwa sababu kwake amina haikuwa mwisho wa sala. Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili, na ukuta wetu mwembamba, kwa hiyo kila asubuhi nilimsikia, nipende nisipende.

“Tumewaombea wagonjwa. Haya, nani anakwenda kuwaona?”

Hakuna mwanafunzi aliyekaa mpaka mkono mmoja unyooshwe. Mara nyingi ulikuwa wa binti wa fundi cherehani. Walipouombea mto uliochafuliwa na kiwanda cha ngozi, alikwenda yeye, akawaongoza majirani hadi langoni. Lori la kiwanda likatoka, na halikusimama.

Mazikoni watu walisema ni kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu! Mungu haendeshi lori.

Shule ilipofunguliwa tena, nilitega sikio. Amina ikasikika. Hakuuliza. Lakini viti navyo havikulia, nikaenda kuchungulia mlangoni. Darasa zima lilikuwa bado limesimama, likimsubiri. Mwenzangu ameishika meza kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

Kule nyuma, mdogo wa marehemu alikuwa amenyoosha mkono. Sare ya dada yake ilimpwaya; baba yao, fundi mzima, hakupata moyo wa kuipunguza.

“Shusha mkono, mwanangu,” mwalimu akamsihi. “Sijauliza kitu.”

“Najua, mwalimu,” akajibu, na mkono akauacha palepale.