Nilimwandikia dada wa kazi mkataba halali, kesho yake akakimbia

Wakuu, habari za mchana. Naandika haya nikiwa staff room, vipindi vimeisha, na sitaongeza chumvi. Mkitaka kunicheka mnicheke, nimestahili.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kasulu. Nafundisha commerce. Mkataba, kodi, haki za mwajiriwa, vyote natiririka ubaoni kama maji.

Nyumbani kwangu sasa. Dada wa kazi yuko kwetu mwaka wa tatu, karatasi hata moja hakuna.

Mke wangu ni muuguzi, kituo chake kiko Kibondo, anakuja wikiendi akipata nafasi. Kwa hiyo mtoto wetu Furaha kalelewa na Dada Vero, binti wa miaka ishirini na kitu kutoka kijiji cha Heru Juu. Vero akikosekana siku moja, mimi siendi kazini. Hapo sitanii.

Sasa mwalimu mwenzangu akafikishwa ofisi ya kazi na aliyekuwa dada wake wa kazi. Hakuna mkataba, hakuna likizo, hakuna michango. Jamaa alirudi amenyong'onyea mpaka tukamwonea huruma.

Sikuanza kwa wema, wakuu. Nilianza kwa woga.

Nikaenda ofisi hiyo hiyo kuuliza taratibu. Afisa alikuwa mama mmoja mpole, akanieleza vizuri: mkataba wa maandishi, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani, siku ya kupumzika kila wiki, likizo yenye malipo, na mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi, sehemu yangu na sehemu yake. Kuhusu PAYE, ile kodi ya mshahara, akasema mshahara wa dada wengi haufikii pa kuanzia kukatwa, ila nisikisie, niangalie kiwango cha mwaka husika.

Akachukua kalamu. "Jina lake kamili?"

Nikasema Vero.

"Vero nani?"

Wakuu, sikujua. Miaka mitatu anambeba mwanangu mgongoni, na mimi sijui jina la baba yake. Yule mama akanipa tu fomu ya mkataba nikajaze nyumbani. Nilitoka pale uso umenishuka.

Jioni nikamwita Vero sebuleni. Nilikuwa na furaha kweli, najiona bosi wa mfano. Nikakaa na fomu yangu na kalamu kama niko kwenye mahojiano.

Jina kamili? Veronika Yohana Bigirimana. Umezaliwa wapi? Heru Juu. Baba? Muha wa hapo hapo Heru Juu.

Mama yako amezaliwa wapi? Fomu haikuuliza hilo, ni mimi na kiherehere changu.

Akawa anajifuta mikono kwenye kitenge, na mikono ilikuwa mikavu.

Nikaendelea bila kumtazama. "Haya, kesho tunakwenda kupiga picha za pasipoti, halafu unaweka sahihi na dole gumba hapa."

Akasema, "Ego." Yaani ndiyo, kwa Kiha. Huwa ananijibu Kiswahili siku zote. Ningekuwa na akili ningeshtuka.

Asubuhi hayupo.

Uji uko kwenye chupa, Furaha kaogeshwa na kuachwa kwa jirani yetu Mama Eliya, aliyeambiwa tu kwamba dada kaitwa nyumbani. Begi lake halipo. Nakiri mbele yenu, kitu cha kwanza nilichokagua ni redio na ile simu yangu ya akiba. Vyote vilikuwepo. Nimeona aibu hiyo mpaka leo.

Nikaomba ruhusa shuleni, nikambeba Furaha, tukapanda bodaboda mpaka Heru Juu. Njia nzima nina hasira. Namfanyia mtu mazuri, ananikimbia!

Tukamkuta uani kwa bibi yake, mzaa baba, wanamenya mihogo. Furaha akamrukia Vero, na Vero akaanza kulia huku kamkumbatia.

Bibi akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akanipa kigoda. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, lori linakuja lini?"

"Lori gani, bibi?"

Ndipo nikaelezwa. Mama yake Vero alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, aliishi kambi ya Mtabila kabla haijafungwa. Aliulizwa jina kamili na alikozaliwa. Akapigwa picha, akaweka dole gumba. Siku chache baadaye akapanda lori na wenzake, wakarudi kwao. Vero alikuwa mtoto, akabaki hapa kwa bibi. Alilikimbiza lile lori mpaka barabarani.

Na mimi jana yake nimemkalisha sebuleni, nimemuuliza yale yale, kwa mpangilio ule ule. Hasira yote iliniishia pale pale. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikatoa karatasi nikasoma yote kwa sauti, Vero akimfafanulia bibi kwa Kiha.

Bibi akanikatiza. "Soma panapoandikwa anakwenda wapi."

"Haendi popote, bibi. Imeandikwa mahali pa kazi, Kasulu mjini."

"Soma tena."

Nikasoma mara tatu.

Vero akafuta machozi, akauliza swali ambalo mwanafunzi wangu hajawahi kuniuliza. "Na picha yako wewe inabandikwa wapi?"

Nikamwambia mwajiri hahitajiki kuweka picha.

"Basi na ya kwangu isiwekwe. Au tuweke wote."

Nikampigia mke wangu Kibondo kumweleza. Akasema, "Nenda kapige picha, mwalimu." Akakata simu.

Tukaenda studio, mimi, Vero na Furaha. Mkataba wetu una picha mbili, yake na yangu, na alama mbili za dole gumba. Yule afisa aliuliza hii ya bosi ya nini. Nikamjibu ndivyo tulivyokubaliana.

Nakala moja nilimpelekea bibi. Hajui kusoma, kwa hiyo nilipiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya neno Kasulu. Vero ananiambia kila akienda likizo bibi huitoa kwenye mfuko wa nailoni, anaugusa ule mstari kwa kidole, anairudisha.

Nilichojifunza: sheria ifuateni wakuu, haina ugumu tunaousingizia. Ila kabla ya kutoa fomu, kaa na mtu umsikilize. Karatasi uliyoona wewe siyo aliyoona yeye.

Waliopitia haya waje watupe uzoefu. Na wewe mwenye dada nyumbani, usiandike jina lake hapa. Niambie tu kama unalijua lote.