Nilivyokwenda Kumchukua Leonsi Marekani

Niliondoka Sumbawanga kwa sababu ya barua ambayo mdogo wangu hakuiandika yeye. Bahasha ilikuwa na stempu za Marekani kama zile za Leonsi, lakini mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine. Aliyeandika ni jirani yake, bibi mmoja aitwaye Dorothi, muuguzi mstaafu. Alisema Leonsi anaishi peke yake, hawezi kulala kitandani bali hulala ameketi kwenye kiti, na kwamba mara mbili amemkuta amesimama barabarani mchana kweupe hajui nyumba yake ni ipi. "Ana miaka ishirini na tisa tu," aliandika. "Kama ana mama, mama yake ajue."

Mama alikuwa akiishi nami Milanzi, hapo hapo Sumbawanga. Nilimsomea barua kwa Kifipa, na nilipofika pale pa barabarani nikaparuka. Akanishtukia.

"Rudi ulikotoka," akasema. "Soma yote."

Nikasoma yote. Nilipomaliza akasema, "Wewe ndiye uliyemlainisha baba yenu mpaka akamwachia. Basi wewe ndiye utakayemfuata."

Alisema kweli. Leonsi alipokuwa sekondari alitupa tufe mbali kuliko wanafunzi wote wa mkoa, na mwalimu mmoja Mmarekani wa kujitolea akamtafutia nafasi katika chuo cha kwao. Baba, Mungu amrehemu, hakutaka. Alisema mtoto mwenye nguvu vile ni wa kubaki na mashamba ya ulezi. Mimi wakati huo nilikuwa karani wa ghala katika shirika la umma la kununua mahindi, nikajiona ndiye ninayeijua dunia. Nilikaa na baba jioni tatu mfululizo hadi akachoka kunijibu.

Huko chuoni tufe liliwekwa kando. Waliuona upana wake, wakamvisha kofia ngumu yenye vyuma usoni, wakamfundisha ule mpira wao wa kuangushana. Baada ya chuo timu ya kulipwa ikamchukua, kisha nyingine, kisha nyingine. Jina la ile ya mwisho sitaliandika, wala la mji wake. Sisi tulichokuwa tunapata ni picha: Leonsi na mabega kama mlango, anacheka.

Oktoba. Nilimpigia simu kutoka posta, akafurahi mno, akasema atatuma tiketi. "Njoo uone ninavyoishi, dada!" Ruhusa ya kazini sikuhitaji kuomba kwa mtu. Shirika lilikuwa limepunguza wafanyakazi mwaka uliotangulia, nami nikiwamo. Nilikuwa nauza mitumba sokoni. Basi liliposimama Laela niliwaona wanunuzi binafsi wakipima mahindi kwa mizani zao kandokando ya barabara, wakulima wamewazunguka, na nikageuza uso. Ile ilikuwa kazi yangu. Tulipita Tunduma, tukalala Mbeya, na baada ya siku moja zaidi ya vumbi nikafika Dar es Salaam. Huko nilihangaikia viza wiki nzima kabla ya kupanda ndege.

Uwanja wa ndege wa Marekani. Mama alikuwa amenifungia migebuka mikavu kutoka Kipili na unga wa ulezi. Kijana mwenye sare alifungua kifurushi, akashika samaki kwa ncha za vidole na kuwatupa kwenye pipa. Unga nao akautupa. Nilimwambia ni chakula cha ndugu yangu. Akasema, "Pole, mama. Anayefuata."

Leonsi alichelewa karibu saa mbili. Alipotokea, watu walimpisha njia. "Shikamoo, dada," akasema, akainama kunikumbatia, na nikasikia magoti yake yakilia kama kuni kavu. Nilipomshika mkono nilikuta vidole vyake vimepindika huku na huku, kila kimoja na upande wake.

"Vimekuwaje hivi?"

"Hivi ni vya kazi," akajibu. "Huwa vinanasa kwenye nguo za watu."

Nyumbani kwake. Ngazi alizishuka kinyumenyume, ameshika ukuta. Jokofu lilijaa barafu ya kuweka magotini, chakula kidogo. Bibi Dorothi alikuja na mkate wa ndizi, akanitazama usoni kwa muda, akasema, "Umekuja. Nilidhani hamtakuja." Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu.

Jioni ile nilimwomba Leonsi anieleze kazi yake hasa ni nini, maana miaka yote ile nilikuwa nawaambia watu Milanzi kwamba ndugu yangu ni mchezaji, na nikiulizwa namba ngapi, nababaisha. Akamwaga maharage mezani, akayapanga.

"Hawa watano ni majitu ya upande wa pili. Huyu nyuma yao ndiye anayerusha mpira. Mimi nasimama hapa mbele, mkono mmoja chini. Mpira ukiguswa tu, napasua katikati ya haya majitu nimfikie huyu, nimwangushe. Tena na tena, mara hamsini, sitini kwa siku."

"Na mpira unaushika saa ngapi?"

Akacheka. "Sisi wa mstari wa mbele hatuushiki. Miaka saba nimeushika mara moja. Nilikuwa nimelala chini, ukanidondokea."

Nikamwuliza juu ya kichwa. Akasema kichwa kikigongwa sana unaona taa, kisha daktari wa timu anakuja, anakuonyesha vidole na kuuliza ni vingapi. "Sote tunajibu viwili. Siku zote anaonyesha viwili." Alinieleza hivyo kama mtu anayesimulia ujanja wa shuleni.

Jumapili. Misa sikwenda, nilikwenda uwanjani na Bibi Dorothi. Watu walikuwa wengi kuliko Sumbawanga yote, wamejipaka rangi usoni. Kwa muda mrefu sikuona chochote ila miili kugongana na filimbi kulia. Kisha nikaanza kumwona Leonsi: anainama, anagusa nyasi, halafu anaondoka kama ng'ombe dume aliyekatiwa kamba. Mara ya kwanza walimzuia, na ya pili vilevile. Mara ya tatu aliwapasua wawili, akamfikia mrushaji na kumbwaga chini. Uwanja mzima ukalipuka. Na mimi nisimfiche msomaji: niliruka juu ya kiti nikapiga vigelegele. Nililia kwa furaha. Nilipoketi, nikaona Bibi Dorothi hajapiga makofi. Alikuwa anamtazama Leonsi, ambaye bado alikuwa chini.

Walimnyanyua watu wawili wakampeleka ndani. Nikasema basi, yamekwisha. Baada ya robo saa akarudi uwanjani anakimbia.

"Wamemchoma sindano ya goti," Bibi Dorothi akasema. "Sasa halisikii."

"Na kesho?"

"Kesho si siku ya mchezo."

Jumanne, saa nne asubuhi. Simu ililia. Leonsi alisikiliza, akasema "sawa" mara mbili, akalichukua lile jalada nene lenye michoro ya mchezo ambalo kila mchezaji hupewa na timu. Nikamwuliza kuna nini. "Kocha ananiita, na wamesema niende na jalada. Ukiambiwa uende nalo, ujue hurudi nalo."

Alirudi kabla ya saa sita, ameshika mfuko mweusi wa takataka. Ndani yake mlikuwa na viatu vyake, taulo, na picha ya mama. Kule walikuwa wamempa mkono, wakamwambia goti limeisha na kuna kijana mpya.

"Wamenipunguza, dada," akasema.

Neno lilelile nililoambiwa mimi ghalani. Mimi walinipa barua yenye muhuri baada ya miaka kumi na miwili. Yeye walimpa mfuko.

Novemba ikaisha tukingoja timu nyingine ipige simu. Alikuwa akiketi karibu na simu kutwa, na mara nyingine aliniuliza nimefika lini. Siku moja nikasema, "Twende nyumbani. Mama anakungoja." Hakubisha, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu Leonsi ninayemjua angebisha hadi kesho yake. Bibi Dorothi aliniandikia karatasi ya kuwapa madaktari wa kwetu. Nilipomshukuru alisema, "Ilifaa niandike mapema. Nilikuwa napenda kumtazama akicheza."

Desemba, njia ya Tunduma kwenda Laela. Mvua zilikuwa zimeanza. Basi lilizama kwenye tope mpaka vyuma vya chini vikalala juu ya udongo. Kondakta akatushusha wote, wanaume wasukume. Leonsi alibaki kitini, maana kushuka ngazi za basi kwake ilikuwa kazi ya dakika nzima.

"Wee, jitu zima!" mmoja akapiga kelele dirishani. "Wazee wanasukuma, wewe umekaa kama gunia?"

"Mwacheni," nikasema. "Ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Wa kushiba?"

Watu wakacheka. Leonsi akasimama. Nilimshika shati, akautoa mkono wangu taratibu, akashuka. Alikwenda nyuma ya basi, akawaambia wengine wakae kando kidogo. Kisha akainama, mkono mmoja kwenye tope, kama nilivyomwona uwanjani. Dereva alipokanyaga mafuta, Leonsi akaondoka kwa nguvu, bega lake kwenye chuma. Basi likatikisika, likapanda, likatoka.

Abiria wakashangilia. Wakapiga makofi, wakaimba, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Leonsi alikuwa amepiga magoti topeni, haamki. Wakadhani anafanya mzaha, wakazidi kushangilia. Nilipofika kwake uso ulikuwa na jasho na macho hayanioni. Goti lilikuwa limetoka pembeni. Wanaume wanne walimbeba kumrudisha ndani, na yule wa dirishani ndiye aliyeshika kichwa chake, anarudia, "Samahani kaka, samahani kaka," hadi Laela.

Milanzi. Mama hakulia. Alimkalisha, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, akakipapasa pole pole kila mahali, kama anatafuta palipovunjika. Kisha akaenda kuwasha moto. Hospitali walifunga goti. Karatasi ya Bibi Dorothi daktari aliisoma, akaikunja, akasema haya ya kichwa tumwombee.

Baada ya mwezi, tulipata mgeni. Ni mfugaji aitwaye Masanja, wa zile familia zilizohamia Rukwa na ng'ombe zao kutoka kaskazini-magharibi. Alikuwa ametembea siku mbili. Alisema ana mtoto mwenye urefu kama wa Leonsi na nguvu za kumwangusha fahali, na anaomba aelekezwe njia ya kwenda Marekani.

Leonsi siku hiyo alikuwa na akili yake yote. Alikunja suruali, akamwonyesha magoti, na vidole pia. Akamwambia kuhusu sindano, kuhusu mfuko wa takataka, kuhusu siku ambazo hajui yuko wapi. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu turudi.

Masanja alisikiliza kwa adabu. "Nyama ulikula?"

"Kila siku."

"Na gari ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

Masanja akasimama, akachukua fimbo yake. "Kwa hiyo wewe umekula umeshiba, sasa unatufungia mlango."

Nilimfuata mpaka njiani. Nilimwambia Leonsi hakumdanganya, kwamba mimi mwenyewe nimekwenda, nimeona kwa macho yangu.

"Na wewe ulipanda ndege, dada," akasema bila hasira. "Mwanangu hajapanda hata basi."

Nimesafiri mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, na nilidhani anayerudi na ukweli ataaminiwa. Sivyo. Watu wanakutazama ulivyonenepa, wanakutazama viatu, wanahesabu umepita nchi ngapi, na hayo ndiyo wanayoyasikia. Nilisimama pale hadi Masanja akapotelea kwenye kona, kisha nikarudi kumwinua Leonsi kitini, kwa kuwa peke yake hawezi.