Nilimfundisha Mkamwana wa Kilolo Kumkimbia Baba Mkwe

Nimekosea, na ubaya wake ni kwamba nilipongezwa sana kwa kosa lenyewe.

Mimi ni Mnyakyusa, nakaa Mbeya mjini. Nikitoka kazini huwa naingia kwenye mtandao mmoja wa wanaojifunza lugha: mtu anauliza, wengine wanajibu, na jibu linalopendwa linapigiwa kura likapanda juu. Kupanda juu, jamani, kunalevya!

Siku moja dada mmoja wa Tanga aliuliza: "Najifunza Kihehe. Nakwenda Kilolo kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wangu. Baba mkwe namsalimiaje?"

Kihehe changu ni cha kusomea sekondari Iringa: salamu, matusi, na kuomba ugali uongezwe. Nilipaswa kupita kimya. Nikajibu! Nikaweka vichwa vya habari, herufi nzito, hata sehemu ya "Makosa ya Kuepuka". Nilichojaza humo ni mila ya kwetu Rungwe, ile ya zamani: mkamwana hasalimiani na baba mkwe, akimwona anajifunika na kujificha, ndiyo heshima. Palipotakiwa "Wanyakyusa" nikaandika "Wahehe". Nilidhani sisi wa nyanda hizi mila zetu ni zilezile.

Mama mmoja wa Iringa akaandika chini yangu: "Hapana, mwanangu. Kwetu anapiga magoti, anasema kamwene, anasubiri aitikiwe."

Nikamjibu, "Shikamoo mama. Hapa tunataka majibu ya kina." Hata hilo lilipigiwa kura!

Dada akaenda Kilolo. Mzee akatoka shambani kumpokea mgeni, mikono ameshaikung'uta udongo. Binti akajitupia kanga usoni, akakimbilia nyuma ya jiko!

"Huyu mmemtoa wapi?" mzee akauliza. "Mimi nimekuwa chui?" Mazungumzo ya mahari yakasimama palepale.

Yote haya dada alinisimulia kwa ujumbe, akamalizia: "Kaka, wewe ni Mhehe wa wapi?"

Aibu niliyoiona! Nikaomba namba ya mzee, nikampigia, nikaeleza kila kitu.

Akaangua kicheko. "Mnyakyusa anafundisha Kihehe! Na darasa limejaa?"

"Limejaa, baba."

"Haya, mwambie huyo mtoto arudi, anisalimie kama mtu."

Nikadhani yamekwisha. Kesho yake dada akaandika: "Baba amenisamehe. Aliyenuna ni mchumba wangu. Anauliza kwa nini nilimwendea mtu nisiyemjua wakati yeye yupo. Harusi ameisogeza, hasemi mpaka lini."

Ewe unayependa kujibu, nakuomba: kabla hujaandika, sema unalijua jambo hilo kwa njia gani, na kujua kwako kunaishia wapi. Wewe unatafuta kura. Mwenzako anakwenda kuishi na jibu hilo.

La kwangu nimelifuta. Sasa wasomaji wananilalamikia: lile jibu zuri limekwenda wapi?