Maji ya Shaba

Mpaka leo nikimwona mtu anasifu maji kwa kuyatazama tu, hasira hunipanda. Nilifanya kazi chini ya bwana wa namna hiyo. Aliinua chupa mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akasema, "Safi." Kwa neno hilo mzee wa watu alifukuzwa kazi, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye shamba moja la mkonge kati ya Muheza na Pangani. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, mke wangu na wanangu wawili wako kwetu Mtang'ata, nami nilikuwa karani wa vipimo. Huyo bwana aliletwa kutoka Ulaya aoteshe miche ya mkonge ndani ya nyumba bila udongo. Ardhi ya shamba ilikuwa imechoka, na wenyewe walitaka kujua mkonge unakula nini hasa. Akapewa ghala lenye madirisha makubwa. Tukapanga mezani machupa arobaini ya kioo yenye midomo mipana. Kila chupa ilikuwa na mche mmoja ulioshikwa na kizibo, mizizi ikining'inia majini, na ndani ya maji tulitia chakula cha mimea, unga unga uliopimwa kwenye mizani ndogo. Wakata mkonge walikuja kuchungulia, wakacheka, wakaenda zao.

Kazi yote ilitegemea maji. Kisima cha kambi kilikuwa na chumvi, hata chai yake ilikuwa hainyweki vizuri. Mto ulibeba makapi ya kiwanda. Maji ya paani yalipita kwenye mabati makuukuu yaliyojaa kutu na mavi ya kunguru. Bwana akayakataa yote matatu, na hapo sikumlaumu. Akachagua maji ya mvuke. Karakana ya shamba ikamtengenezea pipa la kuchemshia na bomba refu la kuzunguka, vyote kwa shaba nyekundu. Maji ya kisima yalichemka pipani, mvuke ukapita bombani, ukapoa, ukadondoka chupani bila chumvi hata chembe.

Aliyewekwa kutunza moto wa pipa hilo alikuwa mzee aliyetoka Tabora tangu ujana wake kuja kukata mkonge. Mgongo ulipomshinda akahamishiwa kazi za moto. Alikuwa Mkatoliki, anakaa na mkewe chumba kimoja kambini. Sijaona mtu msafi kama yule. Hakugusa chupa kabla ya kunawa mikono kwa sabuni, na kitambaa cha kuchujia alikifua mwenyewe, akakianika mbali na moshi.

Wiki ya tatu mizizi ikaacha kukua. Ncha zilivimba, zikawa nyeusi nyeusi kama zimebabuliwa na moto. Majani yakapauka. Bwana akabadilisha vipimo vya chakula mara mbili, hali ikawa ile ile.

Siku bomba lilipofunguliwa lisafishwe, niliona ndani yake ukoga wa kijani. Nikaelewa. Kwetu pwani hakuna mwanamke anayepikia sufuria ya shaba tupu. Mama yangu alikuwa akipeleka zake Tanga mjini kwa fundi zitiwe kalai, yaani zipakwe bati jeupe kwa ndani, kwa sababu chakula kikilala kwenye shaba tupu kinageuka kijani na kinatapisha watu. Nikamwendea bwana.

"Bwana, nadhani shaba inaingia kwenye maji."

Hakuinua macho. "Nani amesema?"

"Nimeona kijani ndani ya bomba. Kwetu sufuria za—"

"Wewe hapana daktari ya maji," akasema kwa Kiswahili chake. "Hii maji safi kupita maji yote ya Tanganyika. Kama iko sumu, mtu ametia."

Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya ujinga wake. Nilinyamaza kwa sababu ya kiti changu na daftari langu.

Siku ya tatu akamwita mzee mbele ya meneja wa shamba, nami nikaitwa kutafsiri. Hapo ndipo alipoinua chupa ya maji ya pipa mbele ya dirisha, akasema, "Safi."

"Mwulize ametia nini kwenye maji."

Nikauliza. Mzee alinitazama mimi, hakumtazama bwana. "Mwambie sikutia kitu. Mwambie na wewe unanijua."

Nikatafsiri nusu ya kwanza. Ile ya pili niliimeza. Meneja akaandika barua, na kufika Jumamosi mzee na mkewe walikuwa wametoka kambini na mzigo wao kichwani.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa hasira, si kwa ushujaa. Masika yalikuwa yameanza. Niliazima mabeseni meupe ya enameli, nikayaweka juu ya meza katikati ya uwanja, mbali na paa na miti. Mvua ya mwanzo niliimwaga, iliyofuata nikaikinga. Bwana alikuwa amekwenda Tanga kwa siku kumi na mbili, ameniachia ufunguo. Nikachukua machupa sita ya mstari wa nyuma, nikayaosha, nikatia maji ya mvua na chakula kile kile kwa kipimo kile kile. Sita ya jirani niliyaacha na maji ya shaba.

Aliporudi, ile miche sita ya maji ya mvua ilikuwa imetoa mizizi mipya, myeupe, mirefu kama kidole changu. Ya jirani ilikuwa imeoza. Nikaweka machupa mawili mbele yake, moja la huku na moja la huku.

Alitazama, uso ukamwiva. "Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna."

Akatoka nje. Asubuhi yake aliamuru pipa ling'olewe, akaagiza mtambo wa mvuke wa kioo, na mpaka ufike tutumie mvua ya mabeseni. Nikamuuliza, "Na mzee?" Akasema hilo ni la meneja. Meneja akasema nafasi imekwisha kujazwa.

Jumapili nikapanda basi mpaka Tanga. Nilimkuta mzee mtaa wa Mabawa, nyumbani kwa mkwewe, anapasua kuni. Nikamweleza yote, ukoga, mvua, mizizi. Alisikiliza shoka likiwa mkononi.

"Ulijua lini kuwa ni shaba?"

"Kabla hujafukuzwa."

"Siku ngapi kabla?"

"Tatu."

Akapasua kipande kingine. Nilitaka anitukane, hakunitukana. Mkewe ndiye aliyesema, kutoka mlangoni: "Sasa umekuja kufanya nini hapa, baba? Barua yake imeandikwa mharibifu. Amekwenda mashamba mawili, wakiisoma tu wanamfukuza."

Nikarudi na basi la jioni.

Wiki ile bwana alikuwa anaandaa ripoti yake. Vipimo vyote vilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, na mtu mwingine wa kuvisoma na kuvinakili hakuwepo. Kwenye rasimu aliandika kwamba maji ya mvua yamechaguliwa baada ya majaribio makini. Nikafunga daftari, nikalitia kwapani.

"Sinakili," nikamwambia, "mpaka mzee aandikiwe barua nyingine."

Alipiga meza. Alinitishia polisi. Nikamwambia awaite, nitawaonyesha machupa kumi na mawili. Tulikaa hivyo siku mbili, yeye na hasira zake, mimi na zangu. Siku ya tatu meneja akaniita, akanisukumia karatasi. Iliandikwa kwamba mwenye barua hii alifanya kazi kwa uaminifu na ameacha kwa sababu ya umri. Kuhusu shaba, hakuna neno. Kuhusu kosa la bwana, hakuna neno. Nikaikubali, maana mzee alihitaji kula.

Kwa barua ile alipata kazi ya ulinzi kwenye misheni moja upande wa Muheza, akapewa na kibanda. Mimi niliinakili ripoti mpaka mwisho, nikaacha kazi mwezi huo huo, nikarudi Mtang'ata kulima minazi ya baba. Nasikia ripoti ile ilisomwa sana na ikasifiwa. Jina la mzee halimo ndani yake, wala langu. La kwangu halinisumbui.